Mpangaji wa Chumba cha Nne

Nisikilizeni vizuri. Mimi si mlevi, na macho yangu bado yanatia uzi kwenye sindano. Haya niliyaona mchana, jua likiwa utosini, hapa Arua.

Niliuza ng'ombe wote na shamba langu la Manibe, nikanunua nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha, wajukuu wasome wasiwe kama mimi. Aliyeniuzia ni mtu wa Koboko, kofia safi, maneno matamu. "Mama, fukuza wapangaji wote. Hao wakimbizi ni wachafu." Kwa nini alikazana hivyo? Laiti ningejiuliza!

Nikaenda kuwafukuza. Kwenye baraza ya chumba cha nne nikakuta kizee cha kike kimekaa juu ya saruji.

"Na wewe toka," nikasema.

"Niende wapi? Hapa iko kwangu."

"Kwako? Mimi ndiye niliyenunua!"

"Wewe ulinunua mabati. Na hawa watu usifukuze. Wao tu ndio wananifagilia."

"Mwanamke mzima unangoja kufagiliwa! Huna aibu?"

Akacheka, jino hana hata moja. Nikamshika mkono nimwinue. Haki ya Mungu, ulikuwa baridi kama mtungi wa maji. Kufumba na kufumbua, hayupo. Kiganja changu kimejaa udongo mwekundu.

Mama Keji, mpangaji wa chumba cha kwanza, mtu wa Sudan Kusini, akaja na ufagio. "Haboba," akaniita, ndivyo wanavyoita bibi, "umemwona?"

"Nani?"

Akaigonga saruji. "Mama ya ule mutu alikuuzia. Analala hapa chini. Sisi tunajua, ndiyo maana ule mutu anataka tutoke."

Jamani! Kwetu mtu huzikwa uani kwake, na anayenunua kiwanja huonyeshwa makaburi kwanza. Mimi niliuliza maji, nikauliza choo, makaburi sikuuliza. Mjinga mimi. Lakini yeye! Unammwagia mama yako saruji, halafu unamuuza pamoja na choo?

Siku ileile nikaenda Koboko. Nikamkuta dukani kwake, nikamwambia mbele ya wateja: "Mama yako anauliza kama umekula."

Kofia ikamwanguka. Hakuuliza mama yupi.

Saruji nimeivunja, msalaba umesimama. Mama Keji na wenzake wako palepale, hawaendi popote. Chumba cha nne nimekifunga. Na mkono huu wa kulia, hata niuweke karibu na moto, haupati joto.

Wewe unayenunua nyumba, usimfukuze mpangaji kabla hujakaa naye chini. Muulize ni nani wanaokaa hapo. Wote.