Sabuni ya Atilio

Usiku ule nililala nikinuka petroli, na mke wangu akavuta blanketi upande wake akasema, "Baba Neema, wewe na hilo gari mtazikwa kaburi moja." Alikuwa na haki. Ilikuwa Jumatano. Jumamosi ilikuwa inakuja, na gari lilikuwa bado linazimika.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ya marehemu Atilio, fundi aliyenifundisha kazi, na tukafanya naye kazi karakana moja hapa Songea kwa miaka mingi. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujawa marafiki. Asubuhi alinisalimia "Kamwene", salamu ya kwetu, akiivuta makusudi kama mtu anayeita mbuzi. Nami nilimuuliza leo ameamka kuharibu gari la nani. Ndivyo tulivyofungua kazi kila siku.

Alipofariki, pikapu hiyo hiyo ilimpeleka kijijini kwao, mimi nikiwa kwenye usukani. Tulipoanza kupanda kilima cha mwisho, akina mama waliokaa nyuma na jeneza wakapiga kelele kwamba harufu ya petroli inawachoma pua. Nikasimama, nikarekebisha haraka haraka, tukaendelea. Akili yangu haikuwa hapo.

Kaburini watu walikuwa wananisubiri. Mtani ana kazi yake msibani. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, humsema vibaya mpaka wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Ovaroli la Atilio lilikuwa limeletwa tayari. Mjane wake, Mama Otilia, alinitazama. Wazee wakasema, "Mtani, sema." Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nilimrudishia Mama Otilia ovaroli likiwa limekunjwa vile vile.

Tukirudi mjini ilizimikazimika njiani, na tangu siku hiyo pikapu ilikaa uani kwake, imefunikwa turubai. Mwaka ulipokaribia kutimia, aliniita. Msalaba wa saruji ulikuwa umeshakauka, na misa ya kumbukumbu ilikuwa imepangwa Jumamosi, kijijini. "Shemeji," alisema, "gari lililompeleka yeye ndilo lipeleke na msalaba wake."

Nilimwaga petroli ya zamani, nikaweka mpya na betri mpya, likawaka. Lakini likishatembea kama robo saa, linakohoa, linaisha nguvu, linazimika. Ukikaa pembeni ukangoja, linawaka tena kama halikufanya kitu. Nilifungua kabureta mara nne. Niliiosha, nikapuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Nikabadilisha plagi, koili, pampu, chujio. Mara nyingine likizimika nilikuta kabureta ni kavu, nikaongeza petroli kidogo tangini kutoka kwenye dumu, likawaka mara moja. Basi nikasema tangi lina uchafu. Nikalishusha, nikalisuuza. Halikuwa na uchafu.

Jumatano hiyo lilituzimikia Mama Otilia mwenyewe akiwa ndani. Alishuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasukuma. Tulipofika pembeni ya barabara akasimama akihema.

"Shemeji, nimechoka kumsukuma marehemu. Kama Ijumaa halijapona, nawaita watu wa vyuma chakavu. Walikate tu." Kisha akasema taratibu, "Atilio angejua linaumwa nini."

Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo niliyoenda nayo kitandani.

Basi nikaona niko karakana. Ni mchana, jua limeingia mpaka kwenye meza ya vyuma. Atilio amesimama penye pipa la maji, mikono ya ovaroli ameikunja, viganja vyake vyeusi kwa grisi amevinyoosha mbele kama mtu anayengoja kumwagiwa maji. Sikushtuka. Nilijua amekufa, na nilijua pia kwamba kazi haijaisha.

"Kamwene," akasema, akiivuta.

"Kamwene, Mngoni."

"Sabuni yangu iko wapi?"

Nikageuka kuichukua. Sabuni yake siku zote ilikaa dirishani, juu ya kifuniko cha kopo la samaki. Kifuniko kipo, sabuni haipo. Natafuta kwenye boksi la spana. Natafuta chini ya meza. Navuta droo, ndani kuna mahindi ya kuchoma, bado ya moto. Nikiinua kichwa, karakana haina ukuta. Tuko kwenye kilima cha kijijini kwao, barabara nyekundu, na pikapu imezimika katikati. Atilio amekaa nyuma, pale pale lilipokaa jeneza, miguu inaning'inia, anaguguna hindi.

Nafungua boneti. "Kabureta ni safi," namwambia. "Pampu ni mpya. Plagi nime..."

"Mhehe. Mimi nimekuuliza sabuni."

Anashuka bila haraka. Hata alipokuwa hai hakuwa na haraka. Alikuwa akisema gari halidanganyi, ila fundi hulikatiza maneno. Anakuja mpaka mbele yangu, anaufunika mdomo wangu na pua yangu kwa kiganja chake chenye grisi. Hanibani. Anaweka tu, kama mtu anayefunika sufuria. Nyuma yake pikapu inawaka yenyewe, inanguruma vizuri, na mimi nimesimama vizuri. Kisha kifua changu kinavuta na hakipati. Kinavuta tena. Nguvu zinaniishia. Na gari nalo linakohoa, linaisha nguvu, linazimika, tumezimika pamoja. Anaondoa kiganja. Hewa inaniingia kwa sauti, fyuuu, na gari linawaka.

"Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Lakini nilikuwa sijaelewa, siwezi kudanganya.

Sasa kuna watu. Wamelizunguka kaburi kimya, na ovaroli liko mikononi mwangu, limekunjwa. Atilio yuko upande wa pili wa shimo, katikati ya waombolezaji, amenyoosha shingo kama mtu aliyekuja kutazama ngoma na ngoma haianzi.

"Ulinizika kama mgeni," akasema.

Hilo lilinibana kuliko kile kiganja. Nataka kumjibu. Nina neno zuri, baya, la haki yake, limeshafika kwenye ulimi. Nafungua mdomo, na mdomo umejaa povu. Povu la sabuni, chungu, linanimwagikia kifuani. Atilio anacheka, anacheka mpaka anajishika magoti, na mimi nacheka na povu langu, na kwa kucheka huko nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Ulimi wangu ulikuwa bado na ule uchungu. Nje nikasikia maji, nikatoka. Mke wangu alikuwa anafua, ameshika mche wa sabuni, anausugua kwenye kola ya shati langu. Nikasimama mlangoni nikiuangalia ule mche mpaka yeye akasimamisha mkono.

"Una nini wewe?"

"Siku ya mazishi ya Atilio," nikamuuliza, "ile harufu ya petroli niliirekebishaje?"

"Unaniuliza mimi? Si ulitoa kipande cha sabuni mle ndani ya gari, ukakimega kwa meno, ukaenda kubandika kwenye kifuniko cha tangi? Mimi nilikuwa nyuma na jeneza, nilikuona."

Nilikaa chini pale pale kizingitini.

Kifuniko cha tangi la pikapu ile kina kitundu kidogo, sindano haipiti bila kusukumwa. Siku ile tangi lilikuwa limejaa, na kwenye mwinuko petroli ilikuwa inachuruzika kupitia hapo. Fundi yeyote hapa kwetu akiona petroli inavuja huziba kwa sabuni, maana petroli haiyeyushi sabuni. Nami niliziba, kwa sabuni ya Atilio mwenyewe, kipande alichokiacha garini cha kunawia mikono. Lakini kile kitundu hakikuwa ubovu. Ni pua ya tangi. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, tangi linavuta kama kifua kilichozibwa, mpaka pampu haipati kitu na gari linazimika. Likipumzika, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, linawaka. Na kila nilipofungua kifuniko kuongeza petroli, nilikuwa naliingizia gari hewa, halafu naishukuru petroli.

Sikunawa uso. Nilienda kwenye gari, lililokuwa limelala nje kwangu, nikapangusa vumbi la kifuniko. Sabuni ilikuwepo, imekauka kama mfupa, na juu yake kuna alama ya kidole gumba changu.

Lakini sikuitoa mara moja. Safari hii sikutaka kulikatiza maneno. Niliwasha, nikaendesha kuelekea nje ya mji mpaka likakohoa na kuzimika, pale pale linapozimikaga. Nikashuka, nikaweka sikio karibu, nikalegeza kifuniko taratibu.

Fyuuu.

Nilisimama barabarani peke yangu nikicheka kama mwendawazimu. Kisha nikaokota mwiba, nikaondoa sabuni, nikakisafisha kitundu mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikaendesha saa nzima, nikapanda vilima vyote ninavyovijua. Halikukohoa hata mara moja.

Ningeweza kumwambia Mama Otilia kwamba nimelitengeneza, nikanyamaza hapo. Wazo hilo lilinijia nikiwa njiani kwake, sitalificha. Lakini nilipofika nilimwambia, "Shemeji, ugonjwa wa gari nilikuwa mimi," nikamweleza yote, sabuni na ndoto, na kiganja, na lile neno la kaburini.

Alinisikiliza akiwa ameshika ufagio. "Yaani mwaka mzima," akasema, "umemziba mwenzio pua?"

"Mwaka mzima, shemeji."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka ufagio ukamwanguka, akajifuta macho kwa kanga, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na ovaroli, limekunjwa vile vile nilivyolirudisha.

"Basi chukua," akasema. "Safari hii usiniletee likiwa limekunjwa."

Jumamosi pikapu ilipanda kile kilima na msalaba wa saruji na akina mama sita wakiimba nyuma, mke wangu mmoja wao. Kwenye mwinuko harufu ya petroli ilitoka kidogo. Mke wangu akagonga paa la gari akapaza sauti, "Baba Neema, usithubutu kushuka!"

Baada ya misa, msalaba uliposimikwa, nilivaa ovaroli. Lilinibana mabegani. Nikatembea mwendo wa Atilio, ule wa mtu mwenye siku nzima ya kutumia, huku nikijifuta viganja kwenye mapaja, nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Jamani, ndiye huyo!" Nikafika miguuni pa kaburi. Nikatoa mfukoni kipande cha sabuni kipya, nikakiweka juu ya saruji, chini ya jina lake.

"Wewe Mngoni," nikasema, na sauti ilitoka, yote. "Nimejua wavivu, lakini wewe umewashinda. Umelala mwaka mzima mchana na usiku, umeamka mara moja tu, na hiyo mara moja umeamka kuomba sabuni!"

Mama Otilia ndiye aliyecheka wa kwanza.