Harusi ya Alhamisi na Harusi ya Jumapili

Mwezi uliopita nilirudi Garissa nikamkuta kaka yangu akisafisha stoo ya nyumbani. Nje, juu ya mkokoteni wa punda, kompyuta yetu ya zamani ilikuwa imelazwa chali, ikingoja kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kaka aliniuliza kama ninaitaka. Nikaanza kucheka, kisha kicheko kikanikatikia, na mpaka leo sijui kwa nini. Ngoja nikusimulie, pengine wewe utanielewa.

Kompyuta ile ililetwa na abti, yaani mjomba wetu, kutoka Hagadera alikokuwa akifanya kazi. Ofisi yao ilikuwa inafungwa na vitu vyake kugawiwa. Baba, dalali wa mifugo aliyependa kila kitu kipya, aliipokea kama mgeni wa heshima. Ilipewa sebule yenye feni, sisi watoto tukaachiwa chumba chenye joto. Ayeeyo, bibi yetu, aliifunika kwa leso yake nzuri, na kila asubuhi alipofukiza uunsi, ubani wetu wa nyumbani, aliisogezea chetezo kidogo nayo ipate harufu, mpaka mama akamkataza.

Lakini haikuwa na shukrani. Stima ya mtaani ilikuja na kupotea ilivyotaka, na kila iliporudi, mashine ilinguruma kama kinu cha posho, ikaandika maneno ambayo hayakueleweka, ikazima. Vumbi liliijaa. Mjusi alitaga mayai ndani yake. Baba akileta mgeni kuionyesha, ilikataa katakata kuwaka. Mgeni akishafika getini kwenda zake, ikawaka yenyewe. "Rudi, imeamka!" baba alipiga kelele akimkimbilia, na wakirudi wote wawili wakakuta kioo cheusi.

Daktari wake alikuwa mwalimu jirani, mtu wa upande wa Machakos aliyefundisha shule ya msingi. Kwa ajili yake nyumba nzima iliacha lugha yetu ikazungumza Kiswahili, hata ayeeyo, ambaye ulimi wake uligeuza kila p kuwa b.

"Mwalimu, hii kombyuta ina homa?"

"Ina joto tu, bibi."

"Basi ifungue, ibate hewa."

Ndipo dada yetu mkubwa akaposwa na kijana wa Griftu, mbali huko kaskazini. Huyu dada ndiye aliyenisuka nywele, ndiye niliyelala naye mkeka mmoja, na ndiye aliyenipasulia mkate wangu wa anjera na kuumwagia chai na mafuta kabla sijaenda shule. Baba alitangaza kwamba kadi za harusi zitachapwa nyumbani. Mwalimu akaandika kadi yenye maua pembeni, siku ikiwa Alhamisi. Baadaye baba akaamua kusogeza mpaka Jumapili, ili ndugu zetu wa Mandera wawahi kufika. Kuwapigia simu wakwe hakukuwezekana, mtandao ulisumbua. "Kadi yenyewe itawaambia," akasema baba.

Mwalimu akabadilisha siku, akaanza kuchapa. Katikati ya kazi stima ikapotea, naye akaenda zake darasani. Stima iliporudi, mashine ilikuwa imesahau Jumapili yote. Ilichobaki nacho ni kadi ya kwanza, ile ya Alhamisi. Habaryar, mdogo wake mama, aliona maua ni yale yale, akaendelea kuchapa huku akiimba. Kadi zikachanganywa kwenye mfuko mmoja, zikasambazwa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa uani nikiwapa mbuzi maji. Magari mawili yakasimama getini, yamefunikwa vumbi jekundu, na vigelegele vikapaa kutoka ndani yake. Dada alikuwa anafua, mikono imejaa povu.

"Nani hao?"

"Wakwe," nikamjibu.

"Wakwe wa nani?"

Baba alitoka na kikoi, kofia mkononi. "Karibuni sana. Mmewahi, mashallah."

Ami yake bwana harusi akashangaa. "Tumewahi? Sisi tulidhani tumechelewa."

Akatoa kadi yake mfukoni. Baba akakimbilia ya kwake. Wakaziweka pamoja: maua yale yale, wino ule ule, siku mbili. Baba alienda sebuleni akaiwasha kompyuta, kama mtu anayemwita shahidi. Wazee wa Griftu wakamfuata, wakasimama nyuma yake kwa adabu. Kioo kikawa cha bluu, kikajaa maandishi meupe, kikazima.

"Imesemaje?" akauliza ami.

"Hata yenyewe haijui," akasema baba.

Ayeeyo ndiye aliyeamua. "Watu wametoka Griftu na vumbi lao. Mtawaambia warudi, waje tena Jumabili? Mwiteni sheikh."

Nilimkuta dada amekaa chumbani, povu limemkaukia mikononi. Habaryar alikuwa anampaka hina miguuni kwa haraka, akilia, akirudia, "Mimi nilibonyeza tu. Wallahi nilibonyeza tu." Dada hakumlaumu. Aliniangalia mimi, akasema, "Nilidhani bado nipo nanyi kidogo." Nje watu walikuwa wanacheka, nami sikujua kama hii ni siku ya kucheka.

Nikahi ilifungwa baada ya adhuhuri. Kila jirani alileta sufuria yake ya wali, huyu kazidisha iliki, yule mdalasini, na nyama kavu yote ya nyirinyiri iliyotunzwa kwa ajili ya Jumapili ikaliwa. Kesho yake asubuhi wakwe wakaondoka na dada, kwa sababu mifugo yao haikuwa na mtu.

Jumapili, wageni wengine wakafika. Ndugu wa Mandera walileta mkeka wa kusuka na dumu la samli. Baba alisimama getini akieleza habari za stima na kadi, akaeleza tena, mwisho akachoka. "Ingieni tu," akasema. Wakaingia. Mbuzi wakachinjwa, wanawake wakapiga ngoma na kumtungia bibi harusi mashairi ya kumsifu, na kiti chake kilikuwa kitupu. Kila mtu alifurahi namna ya ajabu, kama watu waliokubaliana kutoulizana.

Mama alikuwa jikoni, jasho linamtiririka, masinia yamepangwa chini. Bila kugeuka akamwita dada kwa jina, kwa sauti yake ya kila siku, "Njoo ubebe sinia hili!"

Ngoma ilisimama. Mama akabaki ameinama, mkono kwenye sinia. Nikaenda nikalibeba mimi, zito kuliko nguvu zangu, na ngoma ikaanza upya.

Sasa ayeeyo hayupo, na baba hayupo. Mwalimu alirudi kwao, na hakuna tena anayezungumza Kiswahili kwenye ile nyumba ila akija fundi. Dada ana wajukuu, na ukimwuliza aliolewa lini, anasema Alhamisi, bila kufikiri. Mama amezeeka, husahau mengi, lakini ukimwuliza yeye, anasema bintiye aliondoka Jumapili, saa ya chakula, nyumba ikiwa imejaa watu.