Sauti ya Shangazi Ndani ya Sikio la Baba

Saa moja asubuhi maabara ya umeme bado ina baridi, na Pyo Ran-hui analehemu swichi ndogo kuliko punje ya mchele. Vidole vikifa ganzi anaweka chini kalamu ya moto, anavipuliza, anaanza tena.

"Ameiagiza baba," anasema bila kuinua macho. "Mteja wangu wa kwanza. Na wa mwisho, nikifeli tena."

Ana miaka ishirini na mitatu, yuko mwaka wa tatu wa uhandisi hapa Changwon, Korea Kusini. Somo la Ishara na Mifumo lilimwangusha mwaka jana, sasa analirudia. Jioni husafisha pampu kwenye karakana moja kwa won elfu kumi na ushee kwa saa. Ndiyo kodi ya chumba, ndiyo chakula.

Baba yake, Pyo Gil-sang, alichomelea meli kule Geoje mpaka masikio yakafa. Wenzake walimwita Ukuta.

Darasani mwalimu alisema kwamba mfumo usioujua unaupigia kofi moja kali, kisha unasikiliza unavyojibu. Ran-hui alikwenda nyumbani, akasimama nyuma ya baba aliyekuwa akimenya vitunguu saumu, akagonganisha viganja kwa nguvu. Mzee akaendelea kumenya.

"Nililia chooni," anasema. "Halafu nikachukua vipimo."

Kifaa cha dukani cha kusaidia kusikia kingemeza pensheni ya mzee ya miezi mingi, basi akaamua kuunda chake. Alihitaji sauti ya kufanyia majaribio. Mama alikwishafariki, kwa hiyo akamrekodi Shangazi Mal-ja, dada wa baba, mtu awezaye kuongea saa nzima bila kuulizwa kitu. Kila chujio la sauti alilipima kwa sauti hiyo, akilirekebisha hadi kila neno la shangazi lisikike bila mkwaruzo.

Mkesha wa Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwakumbuka marehemu, alimvalisha baba kifaa hicho, wakakubaliana kuwashtukiza watu wakati wa chakula.

Wanawake waliketi sakafuni wakikaanga samaki na maboga. Mzee aliketi mlangoni akiwapa mgongo, akimenya kwa kisu njugu ngumu za kuweka mezani kwa marehemu. Katika nyumba ile watu walishazoea kumsema akiwa papo hapo, kama mtu anayesema mbele ya kabati.

Shangazi akageuza kipande cha samaki, akaanza wimbo wake wa kila mwaka.

"Marehemu wifi yangu alinisimulia asubuhi ile, kabla moyo haujamsimama: alimwambia huyu, usiku, kitandani, 'Kifua kinanibana.' Akamwambia tena. Jitu likamgeuzia mgongo likakoroma. Angesikia siku ile, maskini, angemkimbiza ..."

Kisu cha mzee kikasimama. Akageuka. Shangazi akaona uso wake, na sentensi ikamfia mdomoni.

Ran-hui alilijua jambo hilo. Ukoo mzima ulilijua. Walimficha mmoja tu, na kumficha hakukuwataka hata washushe sauti.

Mzee akageukia tena mlangoni, akamaliza njugu zake. Asubuhi, meza ya marehemu ilipoandaliwa, alikitoa kifaa sikioni akakiweka kando ya bakuli la wali la mkewe. Akainama, akakawia kuinuka.

"Darasani tunafundishwa kwamba hakuna mfumo wa kweli unaojibu kabla ya kuguswa," Ran-hui anasema. "Lakini unaweza kuchelewa. Mama aliongea, na jibu limekuja baada ya miaka minne. Sasa baba analala upande mwingine, ameielekea ile nafasi tupu ya mama kitandani."

Kwa wiki kadhaa Ran-hui hakuthubutu kumgusia baba habari ya kifaa. Aliamini amemuumiza mzee kwa mkono wake mwenyewe, na karibu aache chuo. Juzi baba akampigia simu ya video, kikaratasi chenye maneno yake mkononi, akaongea kwa sauti kubwa ya watu wasioisikia sauti yao.

"Weka swichi, mwanangu. Nikitaka kuzima, nizime mwenyewe. Ila usipunguze sauti."

Mtihani ni mwezi ujao. Akifaulu, anataka kutengeneza vifaa vya namna hii kwa wachomeleaji wengine wa Geoje, na safari hii, anasema, atawauliza kwanza wako tayari kusikia nini.

Hilo ni la baadaye. Jumamosi hii anapeleka swichi nyumbani, siku ambayo ukoo unakusanyika kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachushwa, ya majira ya baridi. Alidhani baba angependa shangazi asialikwe. Mzee akakataa.

"Mwache aje," alimwambia. "Aliniona nikigeuka, akakatisha. Nataka amalizie."