Nyundo Yangu na Uyoga wa Gogo la Tano

Jambo lote lilitugharimu magogo manne. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili nyundo iliyoyagonga ni yangu.

Siku ya kwanza kazini, kule Kilolo, Bwana Misitu alinikabidhi buti kubwa kuliko miguu yangu, na nyundo yenye alama ya serikali kichwani. Gogo lililogongwa nyundo hiyo lina ruhusa ya kutoka msituni. Lisilogongwa ni la wizi.

"Mti uliosimama usiguswe," alisema. "Ulioanguka ni uchafu. Safisha."

Nikasafisha. Nikahamishiwa Mbeya, nikasafisha na huko, kisha nikarudishwa Kilolo kuwa mkuu wa doria. Ndipo Mama Sikitu, muuza uyoga, aliponisimamisha njiani, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mzee wa nyundo. Njoo uone ulichobakiza."

"Kuni sitoi," nikawahi, maana mimi huanza kupatana kabla bei haijatajwa.

"Nani kataja kuni? Fumba mdomo, fumbua macho."

Bondeni, juu ya gogo lililooza, palikuwa na uyoga mweupe kama maziwa, mwembamba hata kivuli cha kidole changu kilionekana upande wa pili. Vikofia kumi na kimoja. Nikarudia: kumi na kimoja. Nilijikuta nimevua kofia yangu. Miaka yote hiyo nalinda msitu, kumbe sijauona.

"Huu hatuchumi," alisema taratibu. "Hauoti kwenye udongo wala kwenye mti mzima. Zamani ulikuwa kwenye magogo matano."

"Manne yako wapi?"

"Si ulikuja na nyundo?"

La tano lilipona kwa sababu bonde lina utelezi, nami nilikuwa mvivu kushuka.

Nilimwomba Bwana Misitu wa wakati huo alilinde gogo lile, akakuna kichwa. "Fomu ina mti na ina kuni. Hiki nikiandike wapi?" Tulivutana siku tatu, akakubali gogo lisiguswe.

Sasa nimestaafu, na gogo linageuka udongo. Kidole kinazama chote. Mvua zilizopita nilihesabu vikofia vitatu, mara mbili. Jirani yake umesimama mti wa aina ileile, mmoja tu, mzima, mnene.

"Uangushe," anasema Mama Sikitu.

Mimi, niliyekamata watu kwa tawi moja!

Ninyi mnaonisoma, nishaurini: niombe kibali cha kuangusha mti ulio hai ili uyoga upate pa kuhamia, au nisubiri upepo? Nijibuni kabla ya mvua.