Oili Tuliyoichuja

Oili ya dizeli iliyochakaa inanuka moshi na chuma, na ukiishika hubaki kwenye kucha hata ukisugua kwa sabuni ya mche. Mwaka ule wa ukame, kijijini kwetu Mpwapwa, nilikuwa na miaka tisa na harufu hiyo haikunitoka mikononi. Baba alikuwa na pikapu ya dizeli ya kubebea mahindi na watu wa mnadani. Kila mwisho wa mwezi nilitandaza kanga kuukuu juu ya ndoo, yeye akamimina ile oili nyeusi taratibu, ikachujika, kisha akairudisha kwenye injini. Kwetu Ugogo, mwaka wa kiu, maji tuliyonawia tulioshea vyombo, tuliyooshea vyombo tukanyweshea mchicha. Kumwaga kitu cha majimaji kulikuwa kama dhambi, na oili Baba aliihesabu humo humo.

Asubuhi gari likiwashwa, mbele ya injini palilia cha-cha-cha, kama karanga kavu kwenye debe. Siku moja fundi jirani yetu akasimama kusikiliza, mswaki mdomoni.

“Shikamoo mzee. Hiyo cheni ya taimingi inalia. Ndiyo inayofungua valvu kwa zamu zake. Oili chafu inaila, inalegea.”

“Marahaba. Mbona naichuja, fundi.”

“Kitambaa kinazuia takataka, mzee, masizi yanapita. Mwaga, weka mpya. Na ukiwasha asubuhi usikanyage mafuta, iache kwanza oili ipande.”

Baba akacheka. “Nyie mafundi mngemwaga hata mvua!”

Mama, mwenye mimba ya miezi minane, akasema kutoka jikoni, “Baba Neema, msikilize mwenzio.” Hakumsikiliza. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hazikupita wiki mbili, uchungu ukamshika Mama alfajiri, kabla ya siku zake, na damu ikitoka. Baba aliwasha gari, akakanyaga mafuta hapo hapo, tukaondoka. Katikati ya pori ile cha-cha-cha ikawa mlio wa chuma kukatika, kisha kimya. Mama alilala nyuma juu ya magunia, mimi nimempakata kichwa, nikirudia Baba Yetu kwa kuwa sala nyingine sikuijua. Mkokoteni wa ng’ombe ulitufikisha hospitali mchana. Mama alipona. Mdogo wangu wa kiume hakulia.

Leo naishi mjini, Nzuguni. Nilirudi shule ya jioni nikiwa na watoto watatu, na kitabu cha gari letu la sasa, nalo la dizeli, nimekisoma chote. Oili naimwaga kabla kilomita hazijatimia, maana vumbi letu halisamehe, na naweka aina ile ile iliyoandikwa. Asubuhi naliacha lingurume polepole kwanza. Mwanangu hunitania, “Mama, na gari nalo linasali?”

Sasa kuna lami, hospitali iko karibu, simu ipo mkononi. Mungu ametupa vingi. Ila Baba nikimpeleka kanisani hukaa kiti cha nyuma. Jumapili iliyopita akauliza, “Neema, angekuwa na miaka mingapi?”

Nilimtajia. Naye alikuwa anajua.