Kitenge cha Kanisani

Jumatatu ofisi ya chifu hapa Ruiru ilijaa wazazi wanaotafuta basari, yaani msaada wa karo, za kolegi, kila mtu amevaa nguo yake mbovu kabisa, hata wale wenye magari. Mama mmoja wa mtaa wa Kimbo, ambaye binti yake ameitwa kusomea ualimu, alisimama na sweta iliyotoboka viwiko.

"Wewe mama," chifu akacheka, "si jana kanisani ulikuwa na kitenge kipya? Basari ni ya maskini."

"Kitenge niliazima, chifu. Sweta ndiyo yangu."

Watu wakaguna. Binti yake, aliyekuwa kando yake, akainamisha kichwa. Nikasimama mimi: "Kitenge ni changu, na bado hajarudisha!"

Chifu akagonga muhuri kwenye fomu ya yule mama. Mnasema mdomo wangu huharibia watu. Haya, huyo binti anayesomea ualimu amepelekwa kolegi na nini?