Mbuzi wa Nadhiri na Timu ya Barafuni

Sijapata kuona mchezo wa kipuuzi kama hoki ya barafuni, na nasema hivyo nikiwa nimeutazama msimu mzima. Wanaume wazima wamejifunga magodoro mwilini, wamevaa viatu vyenye visu chini, wanakimbizana na kidude cheusi kama kifuniko cha chupa ya achari, na kila mmoja ana gongo mkononi. Kidude chenyewe hakionekani. Unajua bao limefungwa kwa sababu taa nyekundu imewaka na watu wanakumbatiana. Wakichoka kukitafuta hupigana ngumi, refa anasimama pembeni anawangojea wamalize, kisha anamtia mmoja kizimbani akae kimya kama mtoto aliyevunja kikombe. Huu ndio mchezo ulioingia nyumbani kwetu Ibra, ambako barafu tunaijua ile ya kwenye sanduku la samaki kutoka Sur.

Aliyetuletea ni mdogo wangu wa mwisho, binti kitinda mimba, kipenzi cha mama kuliko sisi wote tuliobaki kumhudumia. Alikwenda Kanada kusoma, akabaki huko, katika mji wa baridi kali upande wa magharibi, na akapata kazi ya kusimamia majiko ya uwanja wa timu hiyo. Mara ya mwisho kuja kwetu ilikuwa arubaini ya baba. Mazishi aliyakosa. Tangu hapo kila mwaka anakuja, ila anakuja kwa mdomo.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine, kwa sababu macho ya mama yanakwisha. Sukari imeyala. Daktari wa Nizwa alimwambia wazi kwamba kilichobaki ni cha kutunzwa, hakiongezeki. Mama hakulia. Alisema anataka kitu kimoja tu: amuone mwanawe kabla hayajafunga kabisa, amuone hapa mbele yake, maana kwenye simu anaona kiwaa tu kinachosema "mama".

Mdogo wangu akatoa ahadi, na mimi nilikuwa nimeishika simu nikasikia kila neno. "Mama, msimu ukisha tu nakuja, wallahi. Timu ikitolewa mapema, nakuja mapema. Ikiendelea ndiyo siwezi, dada anajua, wananitegemea."

Dada alikuwa hajui chochote. Dada alijua kwamba tangu asubuhi ile, kurudi kwa mtu kwa mamake kumewekwa mikononi mwa vijana wenye magongo ambao hawajui hata Oman iko wapi.

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, anaishi Sur, na ulimi wake haujawahi kulala. Alipokuja kumjulia hali mama akaelezwa habari hiyo, alicheka mpaka akashika ubavu. "Wifi, mtoto huyo harudi. Bandika picha yake ukutani ukiwa bado unaona." Mama aliendelea kumimina kahawa, na nyingine ikamwagikia kwenye sinia. Lakini nilimjua mamangu: sasa mtoto alikuwa lazima arudi, kwa ajili ya macho na kwa ajili ya wifi.

Basi tukawa mashabiki. Wao hucheza usiku, kwetu alfajiri imeshaswaliwa na chai iko mezani. Mama anakivuta kiti mpaka karibu na televisheni, anauelekeza uso kwenye ule weupe, na mimi nakaa ubavuni pake kabla sijaenda kazini. Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa nitazame, tena nisimulie.

"Nani anacho?"

"Wao."

"Wao wetu au wao wengine?"

"Wengine, mama. Wetu wameanguka."

"Waache waanguke, maskini," anasema mama, na kumega mkate wa kumimina.

Kaka yetu, anayenifuata mimi, ana duka la vipuri vya magari Nizwa na huja Ibra kila mwisho wa wiki. Yeye aliipenda timu kwa dhati. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Aliagiza fulana yao nene ya mikono mirefu, akawa anaivaa juu ya kanzu, na kofia yake ya kudarizi kichwani, kwenye joto la kwetu, anatoka jasho kama anayechemshwa. Mtu huyu hajapata kuteleza popote isipokuwa bafuni. Lakini alikuwa na maoni. Difensi yao mbovu, kocha hajui kupanga, yule wa pembeni mvivu. Njiani akisimama Izki kutia petroli anawaeleza watu pale, na watu wa Izki wana adabu, wanamsikiliza.

Kwa hiyo katika nyumba moja, mbele ya televisheni moja, kaka anaomba timu ishinde, mama anaomba ifungwe, na mimi naomba umeme ukatike.

Msimu wenyewe niliufuata kwa chumba cha wageni. Mwanzoni walifungwa ovyo, mechi juu ya mechi, mama akaamrisha chumba kifunguliwe. Jumatano nikaenda soko la wanawake kumnunulia mgeni mashuka mapya na udi. Halafu, sijui nani aliwatia adabu, wakaanza kushinda. Mama akasema chumba kifungwe, vumbi lisiingie. Baada ya mwezi golikipa wao akaumia nyonga, wakafungwa tena kwa aibu, chumba kikafunguliwa na mashuka yakafuliwa ingawa hakuna aliyeyalalia. Golikipa akapona. Nikafunga chumba. Ikaingia Ramadhani, tumefunga, tunawatazama wanavyosukutua maji na kuyatema kwenye barafu yao, na mama anauliza wamefikia nafasi ya ngapi. Nilikuwa nimesomeshwa mpaka chuo kikuu, nina ofisi ya serikali na watu chini yangu, na nimekaa na saumu yangu nahesabu pointi za mahasidi hawa.

Simuelezi mdogo wangu vibaya. Alikuwa akipiga simu baada ya karibu kila mechi. Anaeleza hotdogi ngapi zimeuzwa, foleni ilivyokuwa, wali wa kukaanga ulivyoisha mapema. Mama anasema, "Maashaallah, mwanangu," kwa hotdogi. Mimi nampikia mama kila siku na sijapata kusikia maashaallah. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee, na wazee hao hawakumjua mamangu. Kwake yeye asiyekuwapo ndiye mwenye lake lote.

Mechi ya mwisho kabla ya mtoano ilikuwa Jumamosi kwetu, kaka yupo na fulana yake. Wakifungwa, msimu umekwisha na binti huyo anapanda ndege. Wakishinda, wanaingia mtoano na inaweza kuendelea mpaka Idi ya kuchinja. Nilisimulia vipindi vyote vitatu mpaka koo likakauka. Walikuwa sawasawa, na dakika za mwisho mmoja wa wetu akaanguka kifudifudi, kidude kikampiga mgongoni, kikaingia golini. Taa ikawaka. Kwa mgongo! Mchezo gani ambao mtu anafunga bao huku amelala?

Kaka alijifunika mdomo asishangilie mbele ya mama. Mama alikisukuma kiti nyuma kidogo. Kisha akaweka mkono kifuani na kutamka, polepole, kila neno peke yake: "Nimeweka nadhiri kwa Mungu. Timu hii ikitolewa, nitachinja mbuzi nilishe watu."

"Mama," kaka akasema, "kuwaombea watu mabaya haifai."

"Sikuwaombea mabaya. Nimewaombea mapumziko."

Mtoano wenyewe ni mateso. Timu mbili zinakutana tena na tena mpaka moja ishinde mara nne, kama mke na mume wasiojua kuachana. Wakashinda. Wakafungwa. Wakashinda wakafungwa tena. Mama alikonda. Akawa ananiuliza rangi ya vitu ambavyo zamani alikuwa anaviona: hii kanga nyekundu au ya manjano, hii chai imekolea. Nilijibu, na kila jibu nilizidi kuwachukia wale watu na meno yao yaliyong'oka.

Mwishowe wakatolewa. Walifungwa kwao, mbele ya watu wao, vibaya kabisa, na nilimsimulia mama kila bao kwa ufundi ambao sikujua ninao. "Alhamdulillahi," akasema mama, akanyoosha mikono juu. Kaka alikuwa analia. Mwanamme mwenye mvi ndevuni, baba wa watoto, analilia vijana wa Kanada ndani ya sebule ya Ibra. Mama alimpapasa mpaka akapata bega lake, akalipigapiga. "Pole, mwanangu. Mwakani wataamka." Na huku anatabasamu. Nilikwenda nikafungua chumba cha wageni, nikafungua na madirisha.

Simu ilikuja siku ya pili. Mdogo wangu naye sauti ilikuwa imemkauka kwa kulilia timu. Mama akangoja amalize. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kama anayeomba kitu kwa jirani, "Sasa unakuja lini, mama?"

"Mama, yaani nimechoka sana, msimu ulikuwa mrefu. Na sasa uwanja wamekodisha kwa tamasha za muziki, majiko hayafungwi. Na mwenzangu alishaomba likizo kabla yangu. Na joto la huko sasa, mama, nitaliweza mimi? Labda mwakani, inshaallah. Msimu ukisha."

Nilinyoosha mkono nimnyang'anye mama simu, nimwambie mdogo wangu maneno ambayo nimeyaweka tangu arubaini ya baba. Mama akaigeuzia simu upande wa pili. "Haya, mwanangu," akasema. "Pumzika. Ule vizuri."

Nilidhani baada ya hapo tutaizima televisheni na yatakwisha. Asubuhi yake mama akaniambia nimtafute mbuzi.

"Mbuzi wa nini?"

"Wa nadhiri."

"Mama, nadhiri ilikuwa ya mtoto kuja. Hakuja."

"Hukunisikia. Nilisema timu ikitolewa. Imetolewa. Sikumtaja yeye."

Ni kweli, hakumtaja. Nilikuwepo. Hakuona haja ya kumtaja. Haikumpitia akilini kwamba timu inaweza kutolewa na mwanawe asije. Kaka alijaribu kumwambia kwamba Mungu anajua nia ya mtu, tuulize shekhe. Mama alisema Mungu alisikia alichosikia, na yeye hataingia kaburini na mbuzi wa watu shingoni.

Basi Ijumaa, baada ya swala, mbuzi mzuri wa Kiomani alikwisha kuchinjwa katika mtaa wetu kwa sababu timu ya barafuni imefungwa Kanada. Nilipika pilau ya Unguja, mama amekaa jikoni anainusa na kuniambia bizari haijatosha. Masinia yakajaa, majirani wakaja, wakala, wakatuombea dua. Waliuliza munasaba gani, yaani shughuli ya nini, mama akasema shukurani tu. Majirani wa Ibra wana haya, hawaulizi mara mbili.

Shangazi hana haya. Aliletwa na gari kutoka Sur, akaingia kwa wanawake, akatazama sinia, akatazama chumba cha wageni kilicho wazi na shuka jipya kitandani na hakuna mtu. Kaka alikuwa mlangoni anapitisha maji.

"Wifi, karamu hii ya nini? Mtoto kaja?"

"Hajaja," mama akasema. "Timu yao bado inacheza. Wanashinda tu, hawamwachi atoke."

Kaka akafumbua mdomo. Mjuzi wa difensi, mwalimu wa kituo cha petroli. Nilimkata kwa jicho, akaufumba, akarudi na maji yake.

Shangazi akanigeukia mimi. Alijua ninavyoidharau timu ile. Nilimwambia mwenyewe mara nyingi, na kwa hilo tulikuwa tunaelewana. "Wewe husemi ya kupendeza watu. Wamo bado?"

Wanawake walikuwa wanasikiliza. Mama hakunitazama, hawezi tena kunipata upesi kwa macho. Aliugeuzia uso upande anaojua sauti yangu hutokea, kama alivyokaa asubuhi zote zile, na mkono wake wenye wali ukabaki juu ya sinia.

Nilimdharau mdogo wangu wakati ule kuliko siku zote. Niliidharau timu, barafu yao, hotdogi zao, na mimi mwenyewe niliyejifunza majina ya nafasi zao zote.

"Wamo," nikasema. "Jana tu wamefunga manne."

"Manne," shangazi akasema, hana uhakika.

Nikaanza kumsimulia. La kwanza lilitoka pembeni, golikipa amezibwa na watu. La pili lilipigwa wakati mwenzao yuko kizimbani. La tatu lilimgonga mtu mgongoni likaingia. Nilisimulia vizuri, kwa mikono, na wanawake wakaacha kula. Nikafika hapo nikaishiwa.

"Na la nne?" mama akauliza. "La nne lilifungwaje?"